Radhi ya Pujini

Jambo lote hili, nikilihesabu mara moja, limenigharimu mbuzi jike, baiskeli, msimu mzima wa karafuu ambao sikushika biashara, na urafiki wa wazee wawili wa Ole. Nikilihesabu mara ya pili naongeza usingizi. Usingizi haunadiwi mahali popote ninapopajua, kwa hiyo bei yake siwezi kuitaja, lakini ndio hasara iliyonichosha kuliko zote.

Mimi ni dalali, wa hapa Chake Chake. Naishi Madungu na ofisi yangu ni mdomo. Nauza vya watu: ng'ombe, viwanja, mashine za boti, na siku moja niliuza mlango wa nyumba ambayo wenyewe walikuwa bado wamo ndani. Anayenijua atakwambia kwamba chenji nahesabu mara mbili hata nikipewa na imamu. Si kwamba simuamini imamu. Ni kwamba vidole vyangu havina dini.

Tabia hiyo nimelelewa nayo. Mama yetu alifariki nikiwa bado sijapelekwa chuoni kusoma Kurani, na dada yangu, ambaye naye alikuwa msichana tu, akanichukua akanilea. Alikuwa akienda kununua dagaa na mimi mgongoni, akipatana bei mpaka muuzaji anamwomba aondoke nao tu, apishe wengine. Alipoolewa Ole alikwenda na mimi, kama vile mtu anavyokwenda na kinu chake. Mume alinikuta ndani ya bei.

Sasa dada anaumwa. Ana saratani, na imekaa mahali ambapo kaka hapataji, kwa hiyo na hapa sitapataja. Daktari kule Unguja alituita pembeni, mimi na mpwa wangu, binti yake dada anayemuuguza, akatueleza kwamba ugonjwa umeshatambaa. Haukatiki wala hauchomeki. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu na kumuweka vizuri kwa muda alionao, na huduma hiyo ina jina lake, huduma shufaa, na muuguzi atakuwa anamfuata nyumbani.

Nikamuuliza, "Hapo hapapungui?"

Neno lilitoka lenyewe. Daktari akanitazama kwa huruma. "Hapo hapapungui, mzee wangu."

Tukarudi Pemba. Tukafanya kikao cha familia, na kikao kikaamua kile ambacho vikao vyetu vyote huamua: asiambiwe. Akijua atakata tamaa, na mgonjwa aliyekata tamaa hafiki mbali. Tukakubaliana kwamba ana vidonda vya tumbo. Maradhi hayo niliyachagua mimi, kwa sababu kila nyumba ya kisiwa hiki ina mwenye vidonda vya tumbo na hakuna anayeulizwa zaidi. Muuguzi alipokuja mara ya kwanza, mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye begi kubwa kuliko yeye, nikampa habari ya makubaliano yetu pale barazani.

"Mimi sitamwambia kwa nguvu," akasema. "Lakini akiniuliza, sitamdanganya."

"Hatauliza," nikamwambia. Nilidhani nimepata bei nzuri.

Nilichosahau ni kijiji. Ole haina siri. Ina watu ambao habari haijawafikia bado. Mpwa wangu alimnong'oneza shangazi mmoja, na kabla ndizi mbichi alizokuja nazo shangazi hazijaiva, kila mtu alikuwa ameshajua. Na watu wakishajua kwamba mgonjwa amefikia pale, kwetu wana jambo moja la kufanya. Huenda kuwiana naye radhi. Hakuna anayetaka mwenzake atangulie mbele ya haki akiwa na kinyongo chake, au abaki nacho yeye. Kwa hiyo wakaja. Walibeba sukari, madafu, na makosa yao.

Wa kwanza alikuwa mzee jirani. Alikaa kwenye kigoda, akasoma dua, akakohoa.

"Bibi, niwie radhi. Lile la mbuzi na muhogo wako."

"Mbuzi gani?" dada akauliza.

"Yule aliyekula muhogo wako wote wa kule bondeni. Nikasema si wangu."

"Ulikula yamini."

"Nilikula. Alikuwa wangu."

"Nilijua alikuwa wako. Alikuwa na sura yako." Wakacheka wote wawili, mzee akapangusa macho, akaondoka mwepesi kuliko alivyokuja.

Baada yake akaja mwanamke aliyewahi kumsengenya, akaeleza na alichosema, neno kwa neno, jambo ambalo halikuwa na haja. Akaja mwingine aliyeazima sufuria ya harusi. Akaja mtu aliyemwomba radhi kwa kosa ambalo hakulikumbuka, ila alikuwa na hakika lipo. Kila siku kigoda kile hakikupoa. Na siku moja, baada ya kuondoka kundi zima la akina mama wa kisomo, dada aliniita.

"Hebu nambie, mdogo wangu. Vidonda vya tumbo hivi ni vya namna gani, hata Ole nzima waje waniombe radhi? Shoga yangu wa hapo chini ana vidonda vya tumbo tangu hajazaa. Hajaombwa radhi na hata paka."

"Watu wa hapa wana adabu tu, dada."

"Watu wa hapa? Tangu lini?"

Alinitazama kidogo, kisha akageukia ukutani, na siku ile chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyotoka.

Siku iliyofuata kilirudi tena. Basi nikafanya kama afanyavyo mfanyabiashara anapoona mali inaharibika: nikatafuta inapoingilia mvua. Nikaona ni radhi. Hizi radhi ndizo zinazomuua, nikasema, zinamwambia kila siku kile ambacho sisi tumekubaliana kumficha. Nikahama Madungu, nikaweka jamvi kwenye baraza ya dada, na nikatangaza masharti. Salamu ruhusa. Dua ruhusa. Sukari na madafu ruhusa. Radhi hapana.

Mzee mmoja, rafiki yangu wa miaka, alisimama pale ngazini na kofia yake mkononi.

"Yakhe, unanizuia radhi?"

"Sikuzuii. Naiahirisha."

"Akifa na langu, utanibebea weye huko mbele?"

"Hafi, mzee. Ana vidonda vya tumbo."

"Vidonda vya tumbo!" Akamgeukia mwenzake aliyekuja naye. "Unamsikia? Ndivyo alivyoniambia siku aliponiuzia ng'ombe. Kakonda tu kidogo, anasema, ana tumbo. Ng'ombe hakufika nyumbani."

Wakavaa kofia zao wakaondoka wote wawili, na mpaka leo tukikutana njiani salamu yao inanipita juu ya kichwa. Wengine walikuja wakakaa wamefunga midomo kama watu waliomeza mwiba, wakaomba ruhusa mapema. Kisha wakapungua. Kisha kigoda kikapoa. Mimi nikakaa barazani nikijipongeza kwamba nyumba imetulia.

Nyumba ilitulia, dada hakutulia. Maumivu yenyewe yalikuwa yameshikika. Muuguzi alileta ile dawa ya maji ya mofini, mpwa wangu akaipima kwa bomba la sindano bila kukosea, na dada mwenyewe alikiri kwamba mwili umempa nafasi. Lakini kitu kingine kikaingia kwenye nafasi hiyo. Moyo ulimwenda mbio amelala. Mikono ikawa baridi na jua limewaka. Mtu akipita njiani alishtuka akauliza, "Nani huyo?" na akitajiwa alirudi ukutani. Usiku hakulala, mchana hakuamka. Hakutaka kuchanwa nywele. Tasbihi yake ilikaa chini ya mto, haishikwi.

Na ulikuwa msimu. Karafuu zilianikwa majamvini mpaka mlangoni kwake, harufu imejaa chumbani, na dada ana mikarafuu yake michache aliyoitunza kama watoto. Mwanamke huyu hajapata kupitwa na msimu bila kuuliza zimetoka pishi ngapi, na ukimjibu anakwambia pima tena. Safari hii hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe, kwa makusudi nikapunguza, ili anipinge. Akasema, "Haya."

Hapo ndipo nilipoogopa.

Kila mtu akawa na yake. Ni jicho, akasema mmoja. Ni jini wa mtoni, akasema mwingine, na akamjua na jina. Nikaambiwa nitoe sadaka, nikatoa mbuzi jike wangu, na aliyechinja ndiye aliyekuja kugundua kwamba alikuwa na mimba. Nyama ikaliwa na kijiji. Dada hakuonja.

Muuguzi aliporudi alimpima, akaongea na mpwa wangu, kisha akaja kukaa na mimi barazani. Naye alionekana kachoka. Alikuwa ametoka kwa wagonjwa wengine na bado ana wengine mbele.

"Maumivu si tatizo sasa," akasema. "Hili ni hofu, na ni sonona. Nalo ni ugonjwa, linaweza kumpata kila mtu aliye katika hali yake, na lina matibabu. Nitaongea na daktari tumuanzishie vidonge. Lakini vidonge havitafanya kazi yote. Ana jambo. Mmemwambia anaumwa nini?"

"Vidonda vya tumbo."

Alikwenda ndani, akakaa kitandani, akamshika mkono. Nilisikia kutoka mlangoni. "Bibi, nini kinachokunyima usingizi?"

Dada akasema, "Muulize ndugu yangu huyo hapo mlangoni. Yeye ndiye anayejua nani aingie na nani asiingie."

Muuguzi alinitazama mara moja tu, akafunga begi lake. Alipokwisha kuondoka, na mpwa wangu akiwa kisimani, dada aliniita nikae karibu.

"Umemfukuza?"

"Nani?"

"Mtu aliyekuja kutoka Pujini."

"Hakuna mtu aliyekuja kutoka Pujini, dada."

"Apa."

"Wallahi."

"Apa tena."

Nikaapa tena. Akafumba macho, machozi yakapita pembeni yakaingia masikioni, na hakuyapangusa.

"Nilikuwa namuomba Mungu uwe umemfukuza," akasema. "Ungekuwa umemfukuza, ina maana alikuja."

Pujini yuko mke mwenzie. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na nyumba mbili, Ole siku mbili na Pujini siku mbili, na wake zake hawakupendana wala hawakugombana. Walikuwa kama watu wawili wanaopanda gari moja kila siku. Aliugua akiwa Ole. Ilikuwa kiharusi. Na sisi, kwa desturi yetu ileile, hatukumwambia mtu ukubwa wake. Yule wa Pujini alipiga simu akauliza, "Nije?" Dada akamjibu, "Njoo kesho. Kalala, hajambo." Kesho yake alipofika, mume alikuwa ameshakoshwa, ameshavikwa sanda, uso umeshafunikwa, wanaume wanahimizana jeneza litoke. Aliomba afunuliwe uso amuone. Wakamwambia wakati umepita. Tangu siku hiyo, mpaka eda zikaisha na nyasi zikaota kaburini, hawajasemezana.

Hayo niliyajua. Nililokuwa silijui ni hili, ambalo dada aliniambia pale kitandani.

"Nyote mnadhani nilisema kesho kwa kuwa nilitumai atapona. Sikutumai. Nilimwona anakwenda. Nilisema kesho kwa kuwa zilikuwa siku zangu."

Nikamvutia shuka begani.

"Ole nzima wamenijia na mbuzi wao na masufuria yao," akasema. "Nimewawia wote. Na mie nimelala hapa na hili, kila mguu unaopita nasema ndiye. Ukafunga mlango, nikasema labda amefungiwa. Sasa nnajua hakufungiwa."

"Dada, una muda, utapona utamfuata mwenyewe."

"Wacha. Nnajua nnaumwa nini. Nimejua tangu ndani ya boti siku tuliyotoka Unguja. Uliniletea soda na hukupatana bei."

Kikao kizima cha familia, na kumbe nilitoboa siri kwa chupa ya soda.

Kutoka Ole kwenda Pujini lazima upite Chake, kwa hiyo nilipata muda wa kununua kanga mbili na kilo za sukari, kwa sababu sijui kwenda kwenye mazungumzo mikono mitupu. Nilimkuta bibie anasuka ukili wa mkeka uani. Alinikaribisha, akanisogezea kibao, mikono yake haikusimama.

"Dalali. Umekuja kuuza nini?"

"Sikuuzii kitu, bibie. Leo nanunua."

"Pujini tuna muhogo."

"Nimekuja kutaka radhi ya dada."

Ukili ukaenda, mkunjo baada ya mkunjo. "Nimesikia anaumwa. Vidonda vya tumbo, wanasema."

"Si vidonda vya tumbo."

"Nnajua si vidonda vya tumbo. Nilitaka nione kama na mie utanidanganya." Akavuta jani jingine la mwaa. "Hizo kanga ni za nini?"

"Zawadi."

"Rudi nazo. Radhi si kitambaa, hukati ukanirudishia kilichobaki."

Nikafanya kazi yangu. Nikamwambia kuhusu kutolala, kuhusu mikono baridi, kuhusu chakula kinachorudi. Nikamwambia na lile la zilikuwa siku zangu, kwa sababu nilihisi dada amenipa ili nilitoe. Hapo mikono ilisimama. Kuku akapanda juu ya ukili na hakumfukuza.

"Kumbe alijua," akasema.

"Alijua."

"Miaka yote nimejiambia labda hakujua. Ndivyo nilivyokuwa nalala." Akamfukuza kuku. "Sasa umekuja kutafuta usingizi wa ndugu yako, ukauchukua wangu."

Nikasema, "Basi tupatane, bibie. Njoo umuone tu. Neno lenyewe ubaki nalo."

"Nije nikae kama picha ukutani? Hapana." Akafikiri. "Ntampa. Sitaki kwenda mbele ya haki nikiwa nadai. Lakini ntampa siku ileile aliyoninyima. Siku ya mwisho. Uje weye mwenyewe unichukue, usinipigie simu. Ya simu nimeshayasikia. Nikifika nikamkuta anapumua, ntamwambia kwa mdomo wangu na yeye asikie. Nikifika nikakuta uso umefunikwa, basi, mie nanyi nyote hadi siku ya hesabu."

"Nimekubali," nikasema, haraka, kama ninavyomfundisha kila kijana wa sokoni: bei ikishuka, shika, usifikiri.

Nikaondoka na furaha yangu na kanga zangu. Nilifika Chake, nikasimama kusubiri gari ya Ole, na kwa mazoea nikaihesabu biashara mara ya pili. Nilikuwa nimenunua mali ambayo siku ya kupokelewa haijulikani, na ambayo mpokeaji akiiona tu inaingia mlangoni, atajua kwamba siku yake imefika. Nimefanya udalali tangu ndevu hazijatoka. Sijapata kufunga biashara mbovu kama ile.

Dada alikuwa ameinuliwa, ameegemezwa mito. Ameomba mwenyewe, mpwa akaniambia.

"Amekubali?"

"Amekubali."

"Anakuja lini?"

"Karibu."

"Karibu lini?"

"Anamalizia ukili wake."

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa mtoto nikirudi dukani na chenji pungufu. "Kasema siku ya mwisho."

Nikatazama chini.

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilimuuma, akashika tumbo, lakini kilikuwa kicheko, na tulikuwa hatujakisikia tangu yule mzee na mbuzi wake. "Ningekuwa mie ningesema hivyohivyo. Mume tulikuwa naye mmoja, na roho tunayo moja." Alipumua mpaka akatulia, kisha akanishika mkono. Wake haukuwa baridi. "Sasa sikiliza, mdogo wangu. Usimlete mapema ukanitisha. Na usimlete mwisho ukanikosesha."

"Dada, nitajuaje?"

"Weye si ndiye dalali?"

Jioni ile alikunywa uji nusu kikombe. Kesho yake akauliza karafuu zimetoka pishi ngapi, nikamwambia, akasema pima tena.

Nisidanganye: hakupona hofu. Vidonge vya muuguzi vimesaidia, naona, na kusema lile lililokuwa limemkaa kumesaidia, na baraza nimeifungua, anayetaka radhi na apite. Siku hizi anawapa kwa kubana kidogo, anawauliza maswali kwanza. Lakini kuna siku anarudi ukutani, na siku hizo muuguzi anakaa naye zaidi na mimi nazunguka nyumba bila kazi. Na hofu nyingine haikuondoka, imehama tu. Imehamia kwangu. Yeye analala. Mimi nakaa nasikiliza pumzi.

Dereva mmoja wa hapa Ole ana gari, na nimempa baiskeli yangu moja kwa moja ili simu yake isizime na gari isitoke kijijini bila kuniaga. Wiki iliyopita niliona miguu ya dada imebadilika rangi, pumzi inakatika. Tukakimbia. Pujini nilimkuta bibie mlangoni, na nikaona kitu ambacho sikukitarajia: buibui lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa mlango, na kifurushi kimefungwa tayari chini yake, kina vumbi juu. Kumbe na yeye anasikiliza njia. Hakuuliza kitu. Alivaa, akaingia kwenye gari, na hatujaondoka simu yangu ikalia. Mpwa wangu. Dada ameamka, anataka chai ya tangawizi.

Nikamwambia bibie. Akaweka mkono kwenye mlango wa gari.

"Chai?"

"Ya tangawizi."

"Na sukari?"

"Na sukari."

"Mwambie apunguze sukari," akasema. Akashuka, akalitundika buibui lake msumarini. Bila kugeuka akasema, "Dalali. Mara ya pili usinichezee."

Dada sikumwambia kitu, lakini gari iliporudi alikuwa ameinua shingo akitazama dirishani aone nani anashuka. Alipoona ni mimi peke yangu, akakilaza kichwa. Sikuweza kujua kama ni kwa kushusha pumzi au kwa kukata tamaa. Labda ni vyote viwili, nusu kwa nusu.

Nimemuuliza muuguzi. Amenieleza dalili, moja moja, kwa upole: mkojo kupungua, miguu kupoa, pumzi kubadilika mwendo, usingizi mzito. Nikazirudia mara mbili nisisahau. Kisha akaniambia ukweli, kwa sababu ndiye mtu pekee katika jambo hili ambaye hajamdanganya mtu: kwamba wengine hupita dalili zote hizo wakaamka wakadai chakula, na wengine huondoka bila kuonyesha hata moja, mtu ameinama kuokota sindano. "Hata sisi huwa tunakosea," akasema.

Mimi naweza kumtazama ng'ombe jicho tu nikakwambia ana miaka mingapi na mwenye mali naye ana shida kiasi gani. Kwa hili sina jicho. Nimewauliza wazee, wanasema Mungu ndiye ajuaye, na hilo nalijua, sikuwauliza hilo.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, hasa kama umewahi kuuguza wako mpaka mwisho. Leo asubuhi alikataa chai. Amelala tangu wakati huo, pumzi yake naisikia kutoka hapa barazani, na naiona fupi kuliko ya jana, au ndivyo masikio yangu yalivyochoka. Miguu nimeigusa mara mbili: mara ya kwanza ilikuwa baridi, mara ya pili ina vuguvugu. Pujini buibui liko msumarini. Dereva amekaa kwenye gari, ananitazama. Ulijuaje, wewe? Nambie: niende, au nisubiri?